Jina Lisilo na Macho

Daktari wa tatu alipokea bima ya serikali, ila hakumpokea Dafrosa Ngonyani.

Wa kwanza, pale pale Mafinga, alikuwa na kibao kikubwa ukutani kinachotangaza kwamba Bima ya Wote inapokelewa. Dada wa mapokezi akaeleza kwamba kibao ni cha zamani na bado hawajapata ngazi ya kukishushia. Wa pili, Iringa mjini, alipokea bima kwa meno tu. Dafrosa alipouliza kwa nini basi mlangoni kumechorwa jicho, aliambiwa jicho lilichorwa na mpangaji aliyetangulia. Huyu wa tatu, Njombe, alipokea kwelikweli. Alimkalisha kitini, akamwegemeza kidevu kwenye mashine, akamwomba asipepese. Mashine ikachungulia jicho la kulia, ikachungulia la kushoto, ikafikiri, halafu ikatamka kwa sauti tamu ya mtangazaji wa redio: "Mwanachama hajulikani."

Wakajaribu tena, na tena. Mara ya mwisho Dafrosa aliyakodoa macho mpaka machozi yakamtiririka, kana kwamba mashine ingeingiwa na huruma.

"Mama, nitakusaidiaje na Bima haikujui?" daktari akasema.

"Hainijui kwa sababu macho ni mabovu. Na mimi nimekuja kwa sababu macho ni mabovu."

Daktari alikiri kwamba hoja hiyo haina kasoro, akamwomba ampishe anayefuata.

Zamani palikuwa na kadi. Watu wakaazimana kadi kama wanavyoazimana masufuria ya harusi, hadi ikaonekana katika kumbukumbu za wilaya moja kwamba seremala mwenye ndevu amejifungua mara mbili ndani ya mwaka. Serikali ikachoka. Ikazifuta kadi, ikauhamishia uanachama mahali pasipoazimika: kwenye ile pete ya rangi inayozunguka mboni ya jicho. Kila pete ina mikunjo na madoa yake, na haifanani na nyingine hata kwa mapacha. Bima ikapiga picha pete za nchi nzima, ikazihifadhi kama ramani, na tangu hapo mgonjwa alitakiwa aje na macho yake tu. Mpango ulikuwa mzuri kwa mwenye homa na kwa aliyevunjika mguu. Anayeumwa macho hakufikiriwa, au alifikiriwa siku ya Ijumaa saa tisa alasiri, watu wanataka kwenda nyumbani.

Dafrosa alikuwa na uvimbe uliokuwa ukizila pete zake polepole, na lenzi zikawa na ukungu kama kioo cha jikoni. Tiba ilikuwepo, tena nyepesi: pete mpya na lenzi mpya, vyote vinavyochapishwa kwa ute unaokuzwa maabara, nusu saa kwa kila jicho. Lakini sheria haikuruhusu kuchapisha pete isiyo na ramani. Ramani ya Dafrosa ilikuwa imefungiwa huko Bima, na kufuli lake lilifunguliwa na jicho la Dafrosa tu, wala si sauti.

Daktari wa Njombe, akiwa ameshika kitasa cha mlango, alimwambia neno moja la maana. Mshipa wa nyuma ya macho umeanza kunyauka. Pete zikiwekwa kabla ya Pasaka, ataona. Zikichelewa, hata za dhahabu hazitamfaa. Nayo ilikuwa wiki ya tatu ya Kwaresima.

Alirudi na basi lisilo na dereva, akakaa dirishani kwa mazoea, ingawa alichoona nje kilikuwa kijani kinachopita na kijivu kinachopita. Alikuwa mgonga muhuri kwenye kiwanda cha mbao. Misumeno ilijiendesha, na mashine ziliusoma kila ubao kwa mwanga, lakini wanunuzi wa mbali walishikilia kwamba bila muhuri wa binadamu hawachukui mzigo. Kwa miaka kumi na tisa binadamu huyo alikuwa yeye. Fundo, ufa, doa la buluu la kuvu, alivijua kwa kutupa jicho mara moja. Siku hizi alipapasa ubao na kuunusa, akabahatisha. Wiki iliyopita aligonga daraja la kwanza kwenye ubao wenye ufa wa kupitisha kidole, na msimamizi, kwa kumheshimu, akaugeuza ubao kimyakimya asiuone mtu mwingine. Fadhila hiyo ilimuuma Dafrosa kuliko tusi.

Aliogopa. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mjane, watoto wake wako Songea na maisha yao, na aliogopa giza kama mtoto. Miguu haikutulia. Hata ndani ya basi goti lilimchezacheza mpaka abiria wa pembeni akauliza kama ana haja ya choo. Dafrosa alimweleza shida yake. Yule mama akashusha sauti, akamwambia kwamba Makambako, ghorofani juu ya duka la mabati, yuko daktari anaitwa Chaula. Huyo hamrudishi mtu.

*

Daktari Chaula alikuwa mzee mfupi mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Mashine yake ilipotamka kwamba mwanachama hajulikani, aliinama akaichomoa kwenye umeme, akamimina chai vikombe viwili.

"Mama, hilo goti linakimbilia wapi?"

Dafrosa akajikuta anasimulia kisicho cha macho. Alisema anatakiwa awahi msibani. Daktari akampa pole, akauliza msiba ni wa lini. Dafrosa akajibu kwamba ni siku ya kumi na nane leo, na marehemu hajazikwa, na aliyesababisha ni yeye.

Ilikuwa hivi. Onorata Kihwele, jirani yake, alifariki kwa moyo. Kina Kihwele ni Wahehe, Dafrosa ni Mngoni, na babu zao walichomana mikuki vya kutosha hata wajukuu wakaona heri wataniane. Mtani ndiye mwenye msiba. Ndiye anayechimba kaburi, anayeficha ufunguo wa stoo, anayevaa nguo za marehemu na kuwaigiza watu mwendo wake mpaka wafiwa wacheke wakiwa wanalia. Dafrosa alijulikana tarafa nzima kwa kazi hiyo. Siku ya kwanza aliingia uani na kitenge cha Onorata, kilemba cha Onorata, na kile kikohozi chake cha kujishaua, akaanza kuwagombeza wapishi kwamba wanamaliza mafuta. Mzee Vitalis Kihwele, mume wa marehemu, alicheka akashika ubavu.

Wakati huohuo afisa wa usajili alikuwa ameweka kisanduku mezani. Jicho la maiti halisomeki, pete hulegea roho ikitoka, kwa hiyo Bima ilikuwa na njia yake ya kumfunga mwanachama. Watu wazima watatu wanashuhudia, kisha kisanduku kinaita jina la marehemu mara tatu na kusubiri. Pakiwa kimya, jina linafungwa, na hapo hapo kibali cha kuzika kinatoka. Kisanduku kikaita: Onorata Kihwele. Na Dafrosa, ulimi ukiwa umeshashika moto, akajibu kwa sauti ya Onorata yenyewe, "Nipo! Nimepumzika kidogo tu, ugali wangu msiumalize."

Ua mzima uliangua kicheko. Kisanduku hakikucheka. Kililinganisha sauti na ile iliyo kwenye kumbukumbu, kikaridhika, kikaandika kwamba mwanachama yu hai. Waliokitengeneza walikuwa watu makini, lakini utani hawakuujua. Tangu siku hiyo Onorata alikuwa kwenye chumba baridi cha hospitali, mtu hai kisheria, na aliye hai hazikwi. Rufaa ilitumwa, nayo huchukua siku tisini. Watu bado walilala uani chini ya turubai. Kuni zilikwisha mara mbili.

Daktari Chaula hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole.

"Onorata Kihwele nilimtoa mtoto wa jicho miaka miwili iliyopita. Ramani ya pete zake ninayo."

Dafrosa hakuelewa.

"Mama, wewe una macho hayana jina. Yeye ana jina halina macho. Nikikuchapishia pete zake, mashine yoyote nchini itakupokea. Dawa za baada ya upasuaji utapewa, miwani utapewa. Utaona. Nimewafanyia watu kumi na mmoja hivyo, na wote wanaona."

"Na mimi nitakuwa nani?"

"Kwao huko, Onorata. Kwa watoto wako, mama yao. Mtoto hamwiti mama yake kwa jina la bima."

Akaendelea kumfafanulia taratibu, bila kumsukuma. Maiti itahitaji jina la kuzikiwa. Jina la Dafrosa halijasomwa na mashine siku nyingi, linakaribia kufa lenyewe. Kisanduku kiletwe uani, mashahidi watatu waseme aliyekufa ni Dafrosa Ngonyani, jina liitwe mara tatu. Kinachotakiwa kwa Dafrosa ni kunyamaza tu. Kibali kitatoka, mwili utazikwa kesho yake, na Ijumaa yeye apande ngazi hizi awekewe macho.

"Sikushauri," daktari akasema. "Nakuonyesha mlango uliopo. Mingine nimeigonga miaka kumi."

Dafrosa alishuka ngazi akishikilia ukuta. Moyo ulikuwa ukimdunda kwa furaha, na furaha hiyo ilimtia aibu, akatembea stendi nzima mara mbili kabla ya kupanda gari.

*

Alimwambia Mzee Kihwele asubuhi iliyofuata, pembeni ya banda la mbuzi, mbali na masikio. Alitarajia mzee atapandisha hasira. Alijiandaa kutukanwa, na kwa kweli alikuwa akitamani atukanwe, maana mtu akitukanwa anajua cha kufanya.

Mzee hakupandisha. Alikuwa amekonda siku hizo kumi na tisa, koti lilimning'inia. Aliuliza swali moja: kama kibali kitatoka siku hiyo hiyo. Dafrosa akasema ndiyo.

"Basi chukua, mtani," mzee akasema. "Kila asubuhi nakwenda kule hospitali. Wananifungulia droo namwona, wananifungia. Siwezi tena. Mwache alale popote, kwa jina lolote, ila alale."

Akaitwa afisa wa usajili, binti mmoja anaitwa Edina, ndiye aliyekuwa na kisanduku siku ile ya kicheko. Alisikiliza huku akiminya minya mkanda wa mkoba. Mwishowe akakiri jambo ambalo hakumwambia mtu. Kwenye rufaa aliandika kwamba kisanduku kilipata hitilafu. Hakuandika utani. Aliogopa kuulizwa kwa nini aliwasha kisanduku cha serikali mbele ya mtani aliyevaa kilemba cha marehemu. Ukweli ni kwamba njia ya mkato ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Aliyejibu akijitokeza mbele ya kisanduku, akajitambulisha kwa sauti yake, akakiri, kisanduku kitamsikiliza na kulifunga jina la Onorata papo hapo.

"Kwa hiyo ni mawili, mama," Edina akasema bila kumtazama. "Ukinyamaza jina lako likiitwa, unazikwa wewe na unabaki na jina lake. Ukikiri, mama Kihwele anazikwa kwa jina lake. Ila hapo ramani yake inafutwa. Yule daktari hatakuwa na cha kukuchapishia."

Dafrosa aliuliza kama wanaokiri huwa wanapewa njia nyingine ya kutibiwa. Edina akasema hajawahi kuona anayekiri.

Siku hiyo Dafrosa hakukaa. Aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Alikwenda kiwandani, akarudi kabla ya kuingia. Alijiambia kwamba Onorata amekufa na hana kazi na jina. Alijiambia kwamba mzee mwenyewe ametaka. Hoja zote zilikuwa nzima, hakuna hata moja yenye ufa, na kila alipomaliza kuzipanga alianza upya kuzipanga. Alipita kwenye kioo cha kabatini, akajisogeza hadi pua ikagusa, akajitafuta. Aliona kivuli chenye kilemba. Mungu anisamehe, akasema kwa sauti, mimi nataka kuona.

*

Alhamisi saa nne kisanduku kiliwekwa kwenye meza ileile. Waombolezaji waliobaki walikuwa kama thelathini, wote wameshaambiwa, wote wamekubali kushona midomo. Wapishi waliacha masufuria. Juu ya misonobari kidege cha kulinda misitu kilikuwa kikizunguka, na mtu akanong'ona kwamba laiti kingenyamaza nacho.

Mashahidi wakatoa ushahidi wao. Wa tatu alikuwa Mzee Kihwele. Alisema aliyefariki ni Dafrosa Ngonyani, jirani, mtani wake. Sauti haikutetemeka.

Kisanduku kikaita: "Dafrosa Ngonyani."

Mtu hajui jina lake lina uzito gani mpaka azuiwe kuitika. Dafrosa alikuwa amesimama nyuma ya meza, mikono ameifunga kifuani. Maisha yake yote aliitwa, akaitika. Shuleni Peramiho, kanisani, kiwandani. Alibana meno. Kimya kikapita, sekunde kumi kama inavyotakiwa.

"Dafrosa Ngonyani."

Akafikiria Ijumaa. Akafikiria ubao mweupe wa msonobari na mistari yake, namna atakavyouona. Halafu, bila kutaka, akafikiria siku nyingine, mwezi ujao au mwaka ujao. Yuko dirishani pa dawa, wanaita Onorata Kihwele, na yeye anainuka kwenda kuchukua, na Mzee Kihwele, aliyekuja na presha yake, amekaa kwenye benchi hilohilo. Angegeuka. Mwanaume aliyeishi na mke miaka thelathini na minane, jina la mkewe likiitwa, lazima ageuke. Na atakayemwona ameinuka ni mtani.

Mtani huiba kuku. Huiba kofia ya padre, huficha funguo, huchukua jembe akakataa kulitoa. Na kila anachochukua hurudisha kikikombolewa, ndiyo maana anaachiwa achukue. Hili angelirudishaje? Mtani haibi kaburi.

"Dafrosa Ngonyani."

"Nipo," Dafrosa akasema.

Alisikia watu wakishusha pumzi kwa pamoja. Edina alifumba macho. Kisanduku kikaandika kwamba mwanachama yu hai, kikauliza kwa ile sauti ya redio kama ana jambo la kusajili.

"Ninalo. Siku ile ulipomwita Onorata Kihwele, aliyejibu ni mimi. Onorata amekufa. Mimi ni mtani wake, nilikuwa nafanya utani."

Kisanduku kilitulia. Neno utani huenda kililitafuta, huenda kikalikosa. Kisha kikamtaka ayarudie maneno ya siku ile, kama alivyoyatamka, ili kilinganishe.

Dafrosa alisogea mbele ya kisanduku. Alishika ukingo wa meza. Akakohoa kile kikohozi cha kujishaua. Akavuta sauti kutoka kule inakokaa, nyembamba, yenye madaha kidogo mwishoni.

"Nipo. Nimepumzika kidogo tu, ugali wangu msiumalize."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa sauti ya Onorata kabisa, ndani ya ua wake, saa nne ya asubuhi, na upande wa kushoto Dafrosa alisikia kiti kikivutwa na Mzee Kihwele akikaa chini kwa nguvu. Mzee alilia. Hakuwa amelia tangu msiba uanze, alikuwa anakwenda na kurudi hospitali tu kama karani, na sasa alilia kwa sauti nene ya kiume, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kisanduku kikaridhika. Kikaita Onorata Kihwele, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dafrosa aliuma kilemba chake mwenyewe mpaka mwisho, asije akaitika. Palikuwa kimya kweli. Kibali kikatoka, kijikaratasi kidogo chenye joto, na Edina akampa mzee kwa mikono miwili. Baadaye binti huyo alimfuata Dafrosa jikoni, akamwambia kwamba ameandika barua nyingine kwa wakubwa zake na safari hii ameandika neno utani. Dafrosa alimshukuru. Hakuwa na moyo wa kumtuliza mtu.

Alimpigia Daktari Chaula akiwa amesimama karibu na moshi. Daktari akasema ramani imeshapotea kwenye mashine yake, ameiona ikiondoka. Akasema pia, bila kuulizwa, kwamba amesikia Mbeya kuna daktari wa macho, mama mmoja, anapokea bima ya serikali na anasemekana ana ugomvi na Bima mahakamani kuhusu ramani zilizofungiwa. Hamjui. Hana hata namba yake. Amesikia tu.

*

Kaburi walilichimba Wangoni, kama ilivyo ada, wakilalamika kwamba Mhehe hata akifa anapenda udongo mgumu. Jeneza lilifika Ijumaa saa nane. Padre alikuwa ameshafungua kitabu wakati Dafrosa alipowapita watu akipapasa mabega yao, akafika ukingoni, akakaa, akateremka shimoni na kulala chali.

Watu waliobaki na nguvu wakaanza kucheka. Walijua. Mtani akilala kaburini hatoki mpaka aulizwe anataka nini, na anachotaja hutolewa, iwe jogoo au shuka la marehemu. Padre akafunga kitabu, akangoja.

Chini kulikuwa na baridi na harufu ya mizizi. Dafrosa alitazama juu. Alichokiona kilikuwa mstatili mweupe, na pembeni mwake vivuli visivyo na nyuso, na alijua kwamba Pasaka ikipita hata huo mstatili hatakuwa nao. Alitaka kulia. Alikuwa amepanga kudai mbuzi dume mwenye pembe, ulimi ulikuwa tayari, lakini kilichotoka si mbuzi.

"Mtani, unataka nini utupishe?" Mzee Kihwele akauliza kutoka juu.

"Nataka mtu wa kunishika mkono mpaka Mbeya," Dafrosa akasema. "Kuna daktari huko. Wanasema anapokea bima."

Kicheko kilikatika. Alisikia udongo ukimomonyoka ukingoni, mtu akipiga magoti, halafu mkono mkavu ukamfikia kifuani, ukapapasa, ukaukamata wa kwake. Mzee akasema basi la kwanza la Mbeya linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri, atampeleka yeye mwenyewe, na yeye huwa hasubiri mtu, kwa hiyo ainuke upesi wamlaze mwenye shimo lake.